Kimumu, Lugha ya Watu Wawili

Watu wa Ngulyati pamba yao ikiharibika hutafuta mtu. Hawatafuti mdudu, hawatafuti dawa iliyotiwa maji, wala hawamtafuti yule aliyewauzia. Wanatafuta mtu, tena wa karibu, asiye na wa kumtetea. Mwaka ule soko la pamba lilipofanywa huria walimpata Nyanjige, mjane wa Maige, na hawakupata taabu kumpata. Shamba lake lilikuwa kando ya njia ya kisimani, na kila aliyepita na ndoo kichwani alimsikia akisema peke yake. Kisukuma si Kisukuma, Kiswahili si Kiswahili. Sasa kijijini ukisema peke yako kwa lugha inayojulikana, watasema una mawazo. Ukisema kwa isiyojulikana, kazi unayo!

Lakini tusianzie kisimani. Tuanzie kwa baba yake, mzee Malimi, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Ng'ombe hawayajui hayo, wao wanataka majani. Basi Nyanjige na mdogo wake Sayi wakashika fimbo wakaenda malishoni kama wavulana, na watu wakawacheka weee, mpaka wakachoka wenyewe. Huko malishoni kutwa nzima ni wao wawili na mikia ya ng'ombe, na midomo yao haikukaa kimya. Mama yao alikuwa mwanamke mkali asiyependa mabinti wanaopayuka. Akiwaona kwa mbali midomo inacheza badala ya macho kuangalia mahindi ya watu, jioni aliwafinya mapaja mpaka wanaruka. Ndipo wakaanza kutengeneza maneno yanayoishia midomo ikiwa imefumba. Maji yakawa *tolam*. Kuja ikawa *kelam*, kuficha *sivim*, kula *pishum*. Mtu akiwatazama kutoka mbali aliona mabinti wawili wamefunga vinywa vyao kwa adabu. Kwa sababu ya midomo hiyo inayofumbwa, lugha wakaiita Kimumu.

Mchezo wa watoto, utasema. Ndivyo ulivyoanza. Lakini watoto wengine mchezo huwaacha wakiota matiti, na hawa wawili haukuwaacha. Sayi ndiye aliyekuwa mtunga maneno, yakimtoka bila kufikiri, akisikia mlango unalia akaufanya neno. Nyanjige, mkubwa, alikuwa mtunga sheria. Alisema kitendo kitangulie na mtendaji aje mwisho, kwa kuwa fisi akitokea unataka uambiwe kwanza kwamba kuna kinachokuja, ukimbie, jina lake utalijua mbele ya safari. Ule mlio wa ulimi wa kuongozea maksai kwenye plau waliufanya alama ya wingi: ukiupiga mara moja baada ya jina, vitu ni viwili, ukiupiga mara mbili, ni vingi. Kukataa hakukuwa na neno. Ulivuta pumzi ndani ghafla, kama aliyekanyaga mwiba, ndipo ukataja kitendo. Vitu vyote vya dunia waliviweka katika makundi mawili, vinavyopumua na visivyopumua. Mto Simiyu wakati wa masika ulipumua, kiangazi ukahamishwa. Mama yao naye siku njema alikuwa kundi la wanaopumua, na siku ya kufinya aliwekwa pamoja na mawe. Juu ya moshi hawakuelewana kabisa. Sayi alisema unapumua, Nyanjige akasema thubutu, wakanuniana hadi ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa watu.

Na neno la "mimi" hawakulitunga. Hawakuona kazi yake. Kulikuwa na *am*, yaani sisi wawili, na ulipolisema ulinyoosha mkono ukamgusa mwenzio begani, la sivyo sentensi haikuwa imekamilika.

Wakakua. Nyanjige akaolewa Ngulyati na Maige, mwanamume mpole wa jembe la mkono. Sayi akachukuliwa na Kristofa, mchuuzi wa samaki kutoka Nassa kando ya ziwa, aliyekuwa akipita na baiskeli na kapu la dagaa akipiga kengele hata mahali pasipo na mtu. Siku ya kuagana walisema Kimumu mbele ya ndugu wote, na shangazi yao akadhani wanalia tu. Baada ya hapo Sayi alikuja mara chache, kisha ziwa likachangamka, sangara wakawa wanatafutwa na viwanda vya Mwanza kama dhahabu, Kristofa akawa mtu wa mwalo huu na mwalo ule, kila wavuvi wanaposhushia samaki, na Sayi hakuja tena. Maige akafa kwa tumbo. Mtoto waliyekuwa wamempata alikuwa amemtangulia akiwa bado mchanga. Nyanjige akabaki na shamba, na shemeji yake Mashimba upande wa pili wa mpaka.

Akabaki pia na Kimumu. Lugha isiyosemwa huota kutu, na yeye alikuwa ameona wazee waliohamia mijini wakasahau hata majina ya nyasi. Kwa hiyo akilima alizungumza na Sayi. Alimweleza habari za mchwa na mvua, na za Mashimba anayesogeza mpaka kidogo kidogo. Kila alipofika kwenye *am*, mkono wake wa kushoto uliachia jembe ukanyooka pembeni, ukagusa hewa.

Mkono huo ndio uliomponza.

Mwaka wa soko huria ulianza kwa vifijo. Ilikuwa enzi za ruksa, kila kitu ruksa. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, ghala lake kule Bariadi mjini likafungwa kufuli, makarani wakarudishwa makwao. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, wakaahidi bei, wakaahidi dawa. Dawa ilikuja imechelewa, na ilikuwa na harufu ya maji yaliyooshea sufuria. Watu wakapuliza, funza wakanenepa. Vitumba vilitobolewa shamba baada ya shamba, vikaanguka kabla ya kupasuka. Mtu alisimama katikati ya pamba yake akalia waziwazi, mwanamume na ndevu zake. Nani alaumiwe? Mnunuzi ameshaondoka na lori. Serikali iko mbali. Kisimani ndipo jirani yake Nyanjige, Debora, akasema, na wala hakuwa mtu mbaya Debora, alikuwa na woga tu kama wengine: "Mimi nimemwona Nyanjige kwa macho yangu. Anasema na kitu. Tena anakishika."

Ooo! Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mashimba, ambaye pamba yake ndiyo iliyoharibika kuliko zote, alikwenda kwa mganga akarudi na uso mzito. Akasimama kwenye mpaka.

"Shemeji, huwa unasema na nani shambani?"

"Na Sayi."

"Si yuko Nassa?"

"Ndiyo."

"Na anakujibu?"

Nyanjige akafikiri. Hakuwa mwongo. "Siku nyingine," akasema, "najua angejibu nini."

Basi, hapo tena! Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamwita asubuhi, kwenye uwanja wa shule, mbele ya kijiji kizima. Mtemi wao alikuwa Bundala, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amewanyoosha wezi wa ng'ombe mpaka wakahama wilaya. Hakumtukana. Alimuuliza tu lugha ile ni ya nani.

"Ni yetu, mimi na mdogo wangu. Tuliitunga tukichunga ng'ombe."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akacheka kwa pua. "Lugha haitungwi, mayu. Kapu linasukwa, chungu kinafinyangwa. Lugha unaikuta. Hii uliikuta wapi?"

"Tuliitunga," akasema tena, na kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba kweli ikionekana itaaminika, akafanya kosa ambalo mtu mwenye hila asingelifanya. Akawaonyesha. Akavuta ile pumzi ya kukataa, akasema *hatuli watu*, akapiga ulimi mara mbili kwa wingi wa watu, kisha *sisi*, na mkono ukanyooka pembeni. Wanawake wakaziba masikio ya watoto wao. Umati ukarudi nyuma, na uwanja ukabaki mtupu kumzunguka.

Wakamtenga. Asisalimiwe wala asipewe moto, na akifika kisimani wengine waondoke. Akipita asubuhi akisema *mwangaluka*, watu waliangalia miguu yao. Alijua, na kila mtu alijua, kwamba kutengwa ni mwanzo. Milembe wa kijiji cha pili alitengwa masika, na kabla mahindi hayajakauka alikutwa mlangoni kwake amekatwakatwa, na hakuna aliyekamatwa. Nyanjige naye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni kama ya mwanamke yeyote, lakini sasa wekundu huo ulikuwa ushahidi wa uchawi. Aliogopa mpaka chakula kikamshinda. Aliacha kusema shambani. Akafumba mdomo kabisa, na ukimya nao wakausema vibaya.

Siku moja ya gulio alikwenda Bariadi kwa miguu, kununua chumvi ambayo Ngulyati hakuna aliyethubutu kumuuzia. Akapita mbele ya lile ghala la ushirika. Kufuli halikuwepo. Mlangoni amesimama mama mmoja amevaa gauni jeupe, jina lake Esteria, akamtazama usoni akasema, "Mwadila, mayu."

Salamu hiyo tu, na neno mama. Nyanjige akaingia. Angeingia hata ndani ya kaburi kama Esteria angesimama pale akamsalimia vile.

Ndani palikuwa kanisa. Mabenchi ya mbao mbichi, spika mbili kubwa, na juu kwenye mapau nyuzi za pamba za miaka yote zimening'inia bado. Mchungaji Josia alikuwa zamani karani wa mizani katika ghala hilohilo. Ushirika ulipomwachisha kazi alikunywa pombe miezi mizima, kisha akaokoka, kisha akalipanga jengo alilofukuzwa. Akawaambia waumini kila mmoja amlilie Mungu kwa sauti yake. Loo, kelele! Watu zaidi ya mia, kila mtu na lake, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nyanjige akaona kwamba katikati ya kelele ile mtu anaweza kusema chochote. Akafumbua mdomo uliofumbwa tangu siku ya uwanja wa shule, akamwita Sayi. *Kuja, Sayi. Wanatuua sisi. Kuficha, kuficha sisi.* Machozi yakimtoka, ulimi unapiga, mkono unagusa hewa. Hakuona watu walivyonyamaza mmoja mmoja. Alipofumbua macho, Josia alikuwa mbele yake na kipaza sauti.

"Roho ameshuka!" akapaza. "Na tafsiri ninayo! Bwana anasema, njoo kwangu wewe unayewindwa, nami nitakuficha!"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakukosea sana.

Habari zilifika Ngulyati kabla ya Nyanjige na chumvi yake. Jumapili iliyofuata Bundala mwenyewe alikuja, akasimama nyuma na mikono kifuani, akasikia, akarudi akasema, "Kumbe ni ya Mungu." Yakaisha! Mashimba akaleta jogoo na maneno laini. Debora akasema kisimani kwamba yeye tangu zamani alihisi kuna utakatifu, na Jumapili wote watatu wakawa wanasali ghalani. Salamu zikarudi, na Nyanjige akazipokea zote, akaitika kwa kuchelewa kidogo kama mtu anayetafuna. Kulala usingizi wa moja kwa moja si jambo dogo. Anayelidharau hajawahi kulikosa.

Alimwambia Josia, lakini. Watu wasiseme hakusema. Alimfuata baada ya ibada, waumini wameshatoka, naye mchungaji anakunja waya za spika.

"Mchungaji, ile lugha si ya Roho. Tuliitunga mimi na mdogo wangu."

Josia hakushangaa kama alivyotarajia. Akaendelea kukunja. "Na aliyewatungisha ni nani, mama?"

"Ng'ombe," akasema Nyanjige. "Na mama yetu aliyekuwa anafinya."

Josia akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, mimi nilikuwa karani wa pamba. Hapa hapa ulipokanyaga palikuwa na mizani. Mungu anatumia mabaki. Halafu nikuulize, ukiwaambia hawa, na Bundala naye utamwambia?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumapili iliyofuata Nyanjige akasimama mbele.

Mwanzoni, tuseme ukweli, alifurahia kidogo. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba ameacha maharage jikoni na moto ni mkali, na Josia akatafsiri kwamba mvua za vuli ziko njiani. Alisema benchi la mbele linanuka jasho, waumini wakapiga magoti. Akirudi nyumbani alicheka peke yake akimhadithia Sayi shambani. Lakini kidogo kidogo kicheko kikakauka. Josia alipenda ule mlio wa ulimi, watu waliruka wakiusikia, kwa hiyo akamwomba auongeze. Akauongeza. Wingi ukapigwa mahali pasipo na wingi. Siku alizokosa la kusema alibwabwaja tu, midomo ikifumba na kufumbua, sauti zisizo na maana hata moja. Wasichana wa kwaya wakaanza kumwigiza, wakanyoosha mikono pembeni kushika hewa, wote kwa pamoja. Alipowaona mara ya kwanza aliushusha mkono wake. Asubuhi moja akilima akataka kumweleza Sayi kwamba umande ni mwingi, akatafuta neno la umande. Halikuja. Akasimama na jembe akajaribu sauti hii na ile, zote zikawa zile za kubwabwaja. Akaketi kwenye tuta akalia, maana aliyelitunga neno lile alikuwa Nassa, na hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Sayi alikuja wakati wa kuchuma pamba, mwaka uliofuata. Kristofa alikuwa amekufa kwa ule ugonjwa ambao miaka ile watu waliutaja kwa kuinua kidole cha mwisho tu, bila kutamka jina, na ndugu zake walipoona mjane naye anakonda wakamfungia mlango. Akaomba lifti ya lori la samaki kutoka Lamadi, akashushwa Bariadi siku ya Jumapili, na furushi la nguo kwapani. Alikuwa amekwisha kabisa, nguo imemzidi mwili. Akiwa ameketi kwenye jiwe kandokando ya barabara anajiuliza Ngulyati ataifikaje, akasikia spika. Sauti ya dada yake. Kimumu, mchana kweupe, juu ya mabati ya mji mzima.

Akaifuata akiegemea kuta. Esteria akamwona mlangoni akataka kumshika mkono, naye akapita. Kule mbele Nyanjige alikuwa amefumba macho anabwabwaja, jiwe linakula maji, maji yanaficha mlango, ulimi unapiga kama mvua ya mawe. Sayi akasikiliza. Kisha akacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi, akasema kwa sauti:

*Unasema upuuzi gani, dada? Amekufunza vibaya hivi nani?*

Nyanjige akafumbua macho. Miaka yote ile akijijibu mwenyewe, na sasa jibu limetoka kwenye kinywa cha mtu! Sayi alikuwa akija katikati ya mabenchi, mdogo wake Sayi, mifupa na macho, akisema polepole, kitendo mbele na mtendaji nyuma, kila sheria mahali pake: *Tumekuja, sisi. Tumechoka, sisi. Kwenda nyumbani.*

"Haleluya! Wawili!" Josia akapiga kelele, akamkimbilia na kipaza sauti. "Mama, umejazwa lini na Roho huyu?"

Sayi akamtazama kama mtu anayeulizwa bei ya mwezi. "Kujazwa nini? Hii ni lugha yetu tuliyochungia ng'ombe. Muulizeni dada yangu, huyo hapo."

Benchi la pili Bundala aliinua kichwa. Pembeni yake Mashimba akageuka taratibu, na Debora akaweka mkono mdomoni. Maneno yaleyale ya uwanja wa shule. Josia naye alikuwa anapiga hesabu, maana akianguka huyu mwanamke anaanguka na yeye, na kanisa, na kodi ya ghala. Akasema kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kikaipeleka kila mahali: "Mama Nyanjige. Unamfahamu?"

"Ni mdogo wangu."

"Na unaelewa anachosema?"

Mtu akikaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai ni rahisi kujua la kujibu. Nyanjige alimwona Milembe mlangoni kwake. Aliona wanawake wawili ndani ya nyumba moja, mmoja hawezi kuteka maji na mwingine haruhusiwi kuteka. Aliona kwamba akisema ndiyo, Sayi atakufa kwa kiu kabla ya ugonjwa kumuua. Akisema hapana, atampeleka nyumbani, atamwosha na kumpikia uji, na watu wataleta maziwa. Nitamweleza jioni, akajiambia. Kwa Kimumu. Ataelewa.

"Sielewi anachosema," akasema. "Anaumwa. Homa imempanda kichwani."

Pumzi ya watu wote ikatoka kwa pamoja. "Shetani anaiga!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na hiyo ikatosha. Wakamzunguka Sayi, mikono ikamjaa kichwani na mabegani, wakimsukuma mbele na nyuma, na Josia, aliyepona kwa sekunde ile, akanguruma: "Toka katika ulimi huu! Toka!" Sayi hakujitetea. Kati ya viwiko vya watu alikuwa anamtazama dada yake, bila hasira, kwa ule uso wa mtu aliyesikia vibaya na anasubiri arudiwe. Nyanjige hakurudia. Esteria peke yake ndiye aliyepasua katikati yao akisema, "Mwacheni, mnamuumiza, huyu mgonjwa!" Walipomwachia, Josia akamsogezea kipaza sauti. "Sasa sema, mama."

Sayi akalamba midomo. "Naomba maji," akasema kwa Kiswahili.

Ghala likalipuka kwa shangwe. Ulimi umefunguliwa!

Mambo yalikwenda kama Nyanjige alivyopanga. Mashimba aliazimisha mkokoteni wa kumpeleka. Debora alileta maziwa, Bundala alipita kumjulia hali akavua kofia. Nyanjige akaosha, akapika, akatandika. Na jioni ile ya kwanza, wageni walipoondoka, akapiga magoti kando ya kitanda akamweleza Sayi yote kwa Kimumu, kutengwa na Milembe na ghala, kwa nini alisema alivyosema. Sayi akasikiliza huku amemwangalia mdomo.

"Asante kwa uji, dada," akasema kwa Kiswahili. "Ulikuwa mtamu."

Ikawa hivyo. Kisukuma hakusema, na Kimumu ndiyo kabisa. Alisema Kiswahili, kile cha ofisini na cha zahanati, cha kusema na watu usiowajua. Asubuhi, "Shikamoo dada." Akigeuzwa ubavu, "Samahani, nimekusumbua." Hapakuwa na ukali ndani yake, na afadhali ungekuwepo. Nyanjige angempa kila kitu amtukane hata neno moja kwa lugha yao. Akajaribu kumtega: akasema makusudi kwamba moshi haupumui, akangoja ule ugomvi wao. Sayi akaomba afunguliwe dirisha. Akamuuliza neno la umande, akamsihi, "Hilo tu, mdogo wangu, nimelipoteza, nipe hilo tu." Sayi akageuza uso ukutani, na mabega yake yakatikisika, lakini kinywa hakikufunguka.

Siku Sayi alipokuwa amebakiza pumzi kidogo, Nyanjige alitaka kumwomba msamaha, akakuta Kimumu hakina neno hilo. Hawakuwahi kulihitaji. Akazunguka mbali, kwa vitendo na pumzi za kukataa na ng'ombe waliopotea wakarudi zizini, sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kujenga, na hakukosea sheria hata moja. Alipomaliza alikuwa ameshika bega la mdogo wake. Sayi alikuwa amesikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimteremka kuelekea masikioni.

"Sielewi unachosema, dada," akasema.

Alizikwa Ngulyati, na mazishi yakawa makubwa kuliko ya Maige.

Jumapili Nyanjige akaenda ghalani. Josia akampa kipaza sauti, waumini wakafumba macho wakingoja. Akasema kwa Kisukuma, polepole, kila mtu asikie: "Mdogo wangu alisema kweli. Ile lugha ni yetu, tuliitunga tukichunga ng'ombe. Nilielewa kila neno lake. Nilisema uongo kwa sababu niliwaogopa ninyi. Wewe Bundala, nilikuogopa. Na wewe Mashimba."

Akangoja. Alikuwa tayari kwa mawe, alikuwa ameyatamani njia nzima.

Bundala akafumbua macho, yakiwa yamelowa. "Maskini," akasema. Debora akaanza kulia kwa sauti: "Uchungu umemchanganya jamani, walipendana hawa!" Wakainuka benchi moja baada ya jingine, wakaja wakamshika mikono kwa upole, wakampangusa uso kwa kanga zao. Josia alibaki peke yake pale mbele, anaangalia sakafu mahali palipokuwa na mizani. Kisha akanyanyua kipaza sauti akasema mama ana msiba, tumwombee. Wakamwombea. Wasichana wa kwaya wakapiga ndimi zao na kunyoosha mikono. Nyanjige akawaambia tena kwamba ni kweli, na Esteria akamletea kiti.